Spika Mbili, Sikio Moja

Athieno tulimzika Kisoko mwezi uliopita, Jumamosi, mchana wa jua kali, na mimi nilikalishwa upande mbaya wa hema. Nasema mbaya kwa sababu sikio langu la kulia lilikufa zamani. Waliokodisha vyombo vya sauti walikuwa wamesimamisha spika mbili kubwa mbele, moja kila upande wa jeneza, na aliyekuwa akipokea wageni akanionyesha kiti cha plastiki pembeni kabisa kushoto, hivi kwamba watu wote na maneno yote yalikuwa kuliani kwangu. Nilisikia mazishi ya Athieno kama mtu anavyosikia redio ya jirani kupitia ukutani. Ningeweza kuomba nihamishwe. Sikuomba. Nilijiambia kwamba kiti kile kilikuwa kinanistahili, na sijabadili mawazo.

Habari za msiba zilikuwa zimenifikia kwa simu kutoka kwa Mzee Okiria, aliyekuwa tajiri wetu sote wawili ujanani, ambaye sasa miguu imemkataa. Aliandika hivi: "Athieno yetu amekufa. Mazishi Jumamosi kwao Kisoko. Mimi siwezi. Weye enda." Nikaenda. Nina umri unaokaribia hamsini, na nikiulizwa ni mwaka gani ulionifanya niwe hivi nilivyo, sitataja mwaka niliozaliwa wala ule niliooa. Nitataja ule mmoja nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, dukani kwa Okiria, Busia upande wa Uganda. Mambo ya ukoo wangu tuyaache, hayana hatia yoyote katika habari hii.

Duka lilikuwa kwenye barabara ya kwenda mpakani, karibu na lango kiasi kwamba malori yaliyokuwa yakisubiri karatasi yalituzibia mwanga tangu asubuhi. Tuliuza hom thieta, ambazo wakati ule ndipo zilipoanza kuingia kwetu, na kila mwenye bati jipya alitaka moja: spika tano ndogo na sabufa ya kukaa chini, moja katikati mbele, mbili pembeni, mbili nyuma ya kochi. Saraundi, tuliita. Okiria, Mteso kwa kabila, mnene mwenye cheko la ghafla, alikuwa ametenga chumba cha kuonyeshea, chenye kochi la watu watatu lililofunikwa vitambaa vya kufuma, pazia zito, na kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita. Kazi yangu ilikuwa kumkalisha mteja, kumwekea kipande cha filamu chenye mvua, na kunyamaza. Mvua ilianzia mbele, ikasogea, mara matone yakawa yanagonga nyuma ya kisogo chake. "Kijana, usiongee," Okiria alinifundisha. "Angalia shingo tu. Kastama akigeuka nyuma, huyo nanunua. Asipogeuka, patia yeye soda, aende." Na kweli niliwaona walimu, wauza samaki kutoka ng'ambo ya Kenya, hata mchungaji mmoja mwenye koti zito, watu wazima na akili zao, wakigeuka kuangalia ukuta kama kwamba paa linavuja.

Mimi mwenyewe saraundi sikuipenda. Moyo wangu ulikuwa stoo. Kule kulikuwa na spika mbili za mbao, zinazofika kiunoni, ambazo Okiria alizinunua pamoja na kabati kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama, na hakuna mteja aliyezitaka. Nilizifuta vumbi, nikaziachanisha kwa hatua tano, nikapima hatua tano kutoka kila moja hadi mahali pa kukaa, nikachora alama ya msalaba sakafuni kwa chaki. Ukiketi pale kwenye chaki na kuweka CD ya kwaya, spika zilitoweka. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Ya kushoto ni kama imezimwa, ya kulia ni kama imezimwa, na katikati, mahali palipokuwa na gunia la waya na ukuta mtupu, alisimama mwimbaji. Ungeweza kumwonyesha kwa kidole mdomo wake ulipo. Sauti ya pili ilikuwa nusu hatua kushoto kwake, besi walikuwa nyuma kidogo. Hiyo ndiyo stirio, na nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu niliamini kwamba hakuna starehe nyingine duniani inayoizidi, isipokuwa labda moja, nayo ilikuwa ikikaa kaunta.

Athieno alikuwa mrefu, mwepesi wa maneno, mtu wa kuanza kucheka kabla hajamaliza sentensi. Saa saba alifungua sufuria aliyokuwa ameifunga kwa kitambaa, kalo, yaani ugali wa ulezi, na mukene, dagaa wetu, wa kukaangwa na nyanya, tukala stoo, muziki ukiwa umewashwa, na tukabishana. Nadhani ndiyo mabishano pekee maishani mwangu ambayo nayatamani tena.

"Hii yako ni ya mtu moja," alisema. "Mwenye anakaa kwa chaki ndiye nasikia. Mimi niko hapa na sufuria, nasikia spika moja tu. Muziki ya uchoyo."

"Si uchoyo, ni adabu," nikamjibu. "Mtu anayekuheshimu anakuja mbele yako, anasimama, ndipo anaongea. Hizo tano zenu zinakusemesha kisogoni kama mwizi."

"Kwetu ngoma ikilia hakuna mbele, Wandera. Uko ndani. Mzee nacheza hapa, mama napiga kigelegele huko nyuma, mtoto nakanyaga mguu yako. Ama nyinyi Wasamia nasikilizanga ngoma kwa dirisha?"

Leo, baada ya miaka ishirini na ushee ya kulifikiria jambo hilo kuliko linavyostahili, nasema tulikuwa sahihi wote. Kwa filamu, kwa mvua, kwa uwanja wa mpira, alishinda yeye. Mtu hawezi kuingia ndani ya mvua kwa spika mbili. Lakini sauti ya mtu mmoja anayeimba, au kwaya iliyorekodiwa kwa njia mbili, ukiilazimisha itoke tano, mashine inaanza kubuni. Inatia nyuma mwangwi ambao kanisa lile halikuwa nao, inamvuta mwimbaji na kumfungia kwenye kile kispika cha katikati, kidogo kama tofali. Nilimwonyesha hilo, akasikia, akakubali kwa shingo upande. Kuhusu uchoyo nilikubali mimi. Nikaleta benchi fupi, tukakaa bega kwa bega juu ya chaki, yeye kulia na mimi kushoto, kila mmoja akapata nusu ya mahali pazuri. Mwimbaji aliinama kidogo upande, lakini hakuondoka. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kabla mwaka haujaisha nitawapeleka wazee wangu Kisoko.

Mahindi yalipofika magotini nikapata matubwitubwi. Huo ni ugonjwa wa watoto. Mashavu yalivimba mpaka shingo ikapotea, na nilikuwa na ndevu. Nilikuwa napanga chumba Dabani kwa Mama Taaka, mjane wa Kisamia, nikija kazini kwa baiskeli, na Mama Taaka alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akaniambia nivae shati, twende kwa mti. Kwetu kila aliyekuwa mtoto anajua habari hii. Unabebeshwa mzigo mdogo wa kuni shingoni, unauzunguka mti wa mwegea, ule wenye matunda marefu yanayoning'inia kwa kamba zao, unaangusha kuni, unauambia mti ubaki na matubwitubwi yako, halafu unakimbia mpaka nyumbani bila kutazama nyuma. Ukigeuka, ugonjwa unakufuata. "Mama, mimi ni mtu mzima, nimesoma," nilimwambia. "Matubwitubwi haiangalii cheti," akasema. Nilizunguka. Niliangusha kuni, nikatamka maneno, nikaanza kukimbia kwenye kijia cha katikati ya mihogo, taulo shingoni, viatu mkononi, mtu wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa akiuza mitambo ya kisasa mjini.

Athieno alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku aje kunijulia hali. Alikuwa ameletwa na baiskeli ya abiria, na machungwa kwenye mfuko, akashushwa nyuma yangu mahali kijia kinapokutana na barabara. Aliona mtu anayemjua anakimbia kama anafukuzwa na nyuki. Akaita kwa sauti yake yote, na tayari kicheko kilikuwa ndani yake: "Wandera! Weh, Wandera! Nani nakufukuza?"

Nikageuka. Niligeukia bega la kulia. Nilikuwa nimebakiza kama hatua ishirini kufika uani. Tulicheka, sote wawili, mpaka mashavu yakaniuma na nikamsihi aache. Mama Taaka aliyekuwa amesimama mlangoni hakucheka. Alisema neno moja tu: "Umegeuka." Athieno akamwomba msamaha, akamwambia hakujua ni mambo ya mti, kisha akamenya machungwa, na mchana ule ukapita vizuri, mmoja wa michana mizuri niliyowahi kuwa nayo.

Siku ya tano uvimbe ulipokuwa unashuka niliamka chumba kinazunguka. Nilitapika ndoo nzima. Ndani ya sikio la kulia kulikuwa na mngurumo wa kinu cha kusagia unga, haukomi, na Mama Taaka akanipashia mafuta na kuyatia, akaniwekea pamba. Siku tatu kinu kilisaga. Siku ya nne kikasimama, nikashukuru Mungu, nikapanda baiskeli nikaenda kazini nikiwa nayumba kidogo.

Nilikwenda moja kwa moja stoo. Nikaketi kwenye chaki, nikaweka ile kwaya. Ilitoka kushoto tu. Nikadhani spika ya kulia imeharibika, au panya amekata waya, nikafurahi hata, maana hiyo ni kazi ninayoijua. Nikabadilisha nyaya: bado kushoto tu. Nikachukua betri ya tochi, nikagusisha nyaya za spika ya kulia kama mafundi wanavyopima, na nikaona kwa macho yangu ile karatasi ya spika ikiruka mbele. Iko hai. Nikaiwekea kiganja muziki ukiwa unapiga, ikatetemeka mkononi mwangu kama kifua cha mtu anayeongea. Nikakaa pale nikiitazama. Kisha nikafanya jambo ambalo sikutaka kulifanya. Nikageuza benchi, nikazipa spika mgongo. Sasa iliyokuwa imekufa ikawa hai, na iliyokuwa hai ikafa. Spika zilikuwa nzima zote mbili.

Nakumbuka nililibandika sikio la kulia kwenye kitambaa cha spika, nikaongeza sauti, nikaongeza tena, mpaka Okiria akapiga kelele kutoka mbele kwamba naua kastama wake. Sikio halikusikia kitu. Mfupa wa shavu tu ulitikisika. Na yule mwimbaji wa katikati hakuwapo. Ilikuwa ukuta na gunia la waya. Watu hudhani aliyepoteza sikio moja amepoteza nusu ya sauti. Hapana. Nilipoteza mahali. Dunia nzima ilihamia upande mmoja wa kichwa changu ikakaa huko, ng'ombe, lori, jina langu, vyote vikitoka kona moja. Wiki zile nilimwomba Mungu achukue jicho anirudishie sikio. Nilimchagulia hata jicho lenyewe.

Sikumwambia mtu. Fundi wa sauti asiye na sikio ni kama mpishi asiye na ulimi, na sikuwa na kazi nyingine, wala jina lingine mjini pale. Athieno aligundua mwenyewe kabla wiki haijaisha, kwa sababu kila alipotembea kuliani kwangu sikumjibu. Hakuniuliza. Siku moja alizunguka tu akaja kushoto, akatembea hapo, na kuanzia siku hiyo hakuwahi kusahau. Alifanya zaidi. Nilipokuwa nikipima saraundi mbele ya mteja, alikuja kusimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vumbi, na kila spika iliyolia alinionyesha: akigusa shavu la kushoto ni kushoto, la kulia ni kulia, akigusa kisogo ni nyuma. Nami nilitikisa kichwa kama fundi bingwa. Tuliuza hivyo miezi mitatu. Ningepaswa kumshukuru kila jioni. Badala yake niliona aibu, na aibu ikikaa muda mrefu inaanza kumtafuta mwenye kosa. Nilianza kumtazama anavyogusa shavu lake, nikawaza: kama usingeniita.

Siri yangu iliniangukia Tororo kama mzigo wa kuni. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alinunua hom thieta, na Okiria akanituma peke yangu kwenda kuifunga. Ilikuwa nyumba safi, dirisha la sebule likitazamana na ule mwamba mkubwa, chai na karanga mezani, wajukuu wamejipanga kwenye mkeka. Nyaya zetu zote zilikuwa rangi moja, kwa hiyo tulikuwa na desturi: fundo moja mwishoni mwa waya ni kushoto, mafundo mawili ni kulia. Nilipofika ukuta wa nyuma nilifunga spika huku uso wangu ukielekea ukutani, kwa hiyo kushoto kwangu kukawa kulia kwa nyumba. Ni kosa ambalo kila fundi hulifanya. Anaketi kwenye kochi, anasikiliza pumzi moja, anacheka, anabadilisha. Mimi nikaketi kwenye kochi, nikasikiliza pumzi moja, nikasema tayari.

Waliweka filamu yenye treni. Ilikuja kutoka kushoto mbele, ikapita, na badala ya kuendelea ikaruka ikatokea upande mwingine. Yule mzee, ambaye alikuwa amesikia treni kila siku ya maisha yake, aliinua mkono. "Fundi, hii treni nakwenda Kampala ama narudi Malaba?" Wajukuu wakacheka. Akasimamisha filamu, akairudisha nyuma, akaniambia kwa upole, "Funga macho. Nionyeshe inatokea wapi." Nikafunga macho. Nikaonyesha. Nilipofungua, kidole changu kilikuwa kinaelekea picha ya harusi yake ukutani, na hakuna aliyekuwa anacheka. Mzee aliketi karibu yangu, akanimiminia chai tena. "Mwanangu," akasema, "sikio yako iko na nini?" Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza. Kama angenitukana ningeweza kukaa. Niliinuka nikatoka, nikaacha hata bisibisi.

Kesho yake Okiria alikuwa ananisubiri, mwalimu ameshamwambia. Duka lilikuwa na watu sita au saba, na hakujali. "Wandera, simama hapo katikati. Angalia barabara. Mimi napiga makofi nyuma yako, weye nionyeshe upande." Nikasimama nikitazama malori. Akapiga. Mbele yangu, kando ya kaunta, mkono wa Athieno ukapanda taratibu ukagusa shavu la kulia. Nikanyoosha kidole kulia. Akapiga tena. Shavu la kushoto. Nikanyoosha kushoto. Kisha Okiria akasema, bila hasira, "Athieno, shusha mkono." Akapiga mara ya tatu. Nilisikia kofi, lilikuwa mahali palepale palipo na kila kitu. Sikunyoosha kidole.

"Tangu lini?" akauliza.

Hapa nimekuwa nikipafikia mara nyingi, nikiwa shambani, nikiwa kanisani, na kila mara najaribu kufunga mdomo wa yule kijana, siuwahi. "Muulize Athieno," nilisema. "Nilikuwa nakimbia kutoka kwa mti. Zilibaki hatua ishirini. Yeye ndiye aliniita, nikageuka. Muulize yeye alipopeleka sikio langu."

Pengine mahali pengine watu wangecheka. Dukani mle hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyekuwa humo ambaye hakuwahi utotoni kukimbia kutoka kwenye mti ule na moyo mkononi. Walimgeukia. Mama mmoja akasema polepole, "Ai, mwanamke." Nilimwangalia Athieno nikingoja ajitetee, anitukane, aseme ni upumbavu wa wazee. Nilimwona usoni kwamba alikuwa ameshajiuliza swali hilohilo tangu siku ile alipozunguka akaja kushoto kwangu, na sasa nimempa jibu. Aliingia stoo, akatoka na sufuria yake imefungwa kitambaa, akavuka barabara katikati ya malori. Sikumwita. Hata ningemwita, nadhani asingegeuka.

Hakurudi. Okiria alinipa kazi ya kubeba maboksi, nikaibeba mwezi mmoja kisha nikaacha, na zile spika za mbao zikachukuliwa na mwenye baa. Niliishi miezi ile kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Nilikula chakula cha Mama Taaka nikiwa nimelielekeza sikio zuri ukutani ili asiniongeleshe. Nilirudi mara mbili kwenye mwegea, mchana kweupe, nikiwa na mzigo wa kuni niliojibebesha mwenyewe, nikazunguka, nikakimbia mpaka uani bila kugeuka. Hilo sijawahi kumwambia mke wangu. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na cheti, na nilikimbia nikilia.

Mwaka ulipokuwa unaisha, Mama Taaka alinilazimisha kwenda hospitali Tororo. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, mwenye uma wa chuma ambao aliugonga gotini kwake ukalia, akauweka kwenye paji langu la uso, kisha nyuma ya kila sikio. Akaniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi ukubwani. Nikamweleza yote, mti, hatua ishirini, mpaka jina la Athieno. Alisikiliza bila kunikatiza. "Huo ugonjwa wenyewe ndio huingia sikioni, ukaua mshipa," akasema. "Kwa wachache tu, na mara nyingi upande mmoja. Ulikuwa umeshaingia kabla hujaufikia mti. Ungekimbia mpaka Mella kule mbali bila kugeuka, sikio lingekufa tu." Akaandika kitu, akakipiga muhuri. "Huyo dada aliyekuita umwambie."

Nilitoka hadi langoni. Upande wa pili wa barabara vijana wa usafiri walikuwa wamepanga baiskeli zao, wanaita abiria, na nakumbuka vizuri kwa sababu lilikuwa jina la kwanza nililolisikia: "Kisoko! Kisoko moja! Kisoko!" Si mbali. Ningefika kabla chai ya jioni haijaiva. Nilisimama pale na karatasi yangu yenye muhuri, na nikaelewa kwamba nikienda, nikimwambia hukufanya kitu, basi hakuna aliyefanya. Hakuna wa kumlaumu, wala uchawi, wala mti, wala hatua ishirini. Ni sikio tu limekufa bure kwa mtu ambaye hakukosa. Jambo hilo lilinishinda kulibeba. Lawama ilikuwa imenishika mkono mwaka mzima, nami nikaogopa kuiachia. Nikapanda gari la Busia. Nilijiambia nitakwenda baada ya sikukuu, kisha baada ya kupanda, kisha nikasikia ameolewa na mwalimu wa hukohuko Kisoko na ana mtoto, nikasema si vizuri kumsumbua mke wa mtu. Miaka ikapita.

Leo nyumbani Dabani nina redio moja yenye spika moja, inanitosha. Wanangu waliniletea ile mifumo mipya ambayo spika zake nyingine hukaa juu karibu na dari, wakanikalisha katikati, wakaniuliza, baba, unasikia ndege anavyoruka? Nikawaambia nasikia. Walifurahi.

Mazishi yalipoisha, watu wakaanza kwenda kunawa kwa ajili ya chakula, mimi nikabaki kitini nikitafuta namna ya kuondoka bila kusalimiana. Nikamwona msichana mrefu akitoka upande wa jikoni, nyuma yangu kidogo. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa karibu kiasi cha kunigusa bega, lakini hakunigusa wala hakuniita. Alizunguka safu nzima ya viti, akapita kati ya wazee, akaja mpaka mbele yangu, akasimama, akangoja nimtazame. Ndipo akaongea, na alikuwa na sauti ya mama yake kabisa.

"Mzee, weye ndiye Wandera wa Dabani? Mimi naitwa Akoth. Mama alisema ukikuja tutakujua, utakuwa unainamisha kichwa kama kuku naangalia mwewe."

Nilicheka. Nikampa pole. Nikamwambia, ili niseme chochote, kwamba amejisumbua kuzunguka viti vyote vile wakati angeweza kuniita tu.

"Hapa kwetu hatuitanangi kwa nyuma," akasema. "Mama alikataza. Hata yeye. Hata sufuria naungua, hata mtoto nakwenda kwa barabara, yeye anakimbia kwanza mpaka akupite, anasimama mbele yako, ndipo anakuita. Watu wa hapa walikuwa wanamcheka. Alisema aliita mtu mara moja kwa nyuma akamharibia sikio, na Mungu akimpa nafasi hatarudia."

Aliyasema haya kwa utulivu, kama mtu anayeeleza desturi ya nyumba. Nikafumba macho. Niliwaza juu ya mama anayekimbia barabarani kumpita mtoto wake ili amwite kwa mbele. Kisha nikamwambia Akoth kila kitu: spika mbili za mbao, benchi, mti, duka, uma wa chuma, na maneno ya daktari, kwamba mama yake hakuharibu sikio la mtu yeyote. Nilimwambia kwa haraka, kama mtu anayelipwa kwa neno, na nilipomaliza nikaona anahesabu kitu kimyakimya, macho yake kwenye udongo mpya.

"Hiyo maneno ya daktari," akauliza, "weye ulijua lini?"

"Mwaka uleule," nikamjibu.